Msimamizi kauliza "jamii iko wapi?": jibu kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda Pangani

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma uzamili, naandaa utafiti kuhusu vijana wa miaka 15 hadi 24 walioacha shule huko Pangani, mkoani Tanga, nataka kujua simu zinawasaidiaje kusoma na kuandika. Nimepeleka andiko kwa msimamizi wangu, kalirudisha na maneno matatu ya kalamu nyekundu pembeni: "jamii iko wapi?" Nilikuwa nimeandika kwamba nitafanya mkutano wa utambulisho kijijini na mjadala wa kikundi mmoja. Haitoshi? Nina miezi sita tu na pesa yenyewe ndogo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na kazi. Haitoshi, na msimamizi wako kakutendea wema sana kukuuliza sasa hivi kabla hujapanda basi, manake swali kama hilo mimi niliulizwa na vijana wenyewe baada ya kazi kwisha na sikuwa na la kuwajibu.

Utafiti wangu wa kwanza kuhusu usomaji ulikuwa kijiji cha pwani kama hicho unachokwenda wewe. Nilienda na madodoso yangu yamechapwa vizuri, swali la nne likiwa "kwa wiki unasoma vitabu vingapi?", na karibu wote wakajibu hakuna, basi mimi nikarudi chuoni nikaandika kwamba vijana wa pale hawana utamaduni wa kusoma, nikapata alama nzuri tu. Baada ya miaka miwili napita kijiji kilekile kwa shughuli nyingine, kijana mmoja wa bodaboda akanitambua, akanisalimia kwa heshima zote halafu akasema Dokta, yale majibu yetu uliyapeleka wapi? Nikababaika. Tukakaa kijiweni, akatoa simu yake ya kitochi akanionesha, kumbe zile meseji za miamala hafuti, ndiyo daftari lake la madeni, anajua nani kamtumia shilingi ngapi tarehe ngapi, mwenzake ana simu janja yuko kwenye grupu la bei ya dagaa anasoma meseji kuanzia saa kumi za alfajiri, mwingine anaandika majina ya abiria wa mkopo kwa herufi anazozijua yeye. Nikamuuliza mbona hamkuniambia haya, akasema hukutuuliza, ulituuliza vitabu. Nilikuwa nimeandika jambo lisilo kweli juu ya watu wazima wenye akili zao, na lipo maktaba mpaka leo na jina langu juu. Kwa hiyo nikikuandikia kwa kirefu unielewe, hii kitu naibeba.

Sasa kabla ya mambo ya namna ya kufanya, nataka ujue jambo moja ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Ukisoma makala za siku hizi utadhani ushirikishwaji wa jamii ni sharti la wafadhili limeletwa na ndege, hapana, ile njia inayoitwa utafiti shirikishi sehemu kubwa ya mizizi yake iko hapahapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mama wa Kifini, alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Budd Hall alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na wakati huohuo nchi nzima ilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, Mwalimu ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971 Paulo Freire, yule Mbrazili mwanafalsafa wa elimu ya watu wazima, akapita Dar es Salaam. Wasomi wale wakaona madodoso hayawapi picha, wanakijiji wanajibu kile wanachodhani mgeni anataka kusikia, wakaanza kukaa vijijini na kuchunguza mambo pamoja na wenyeji badala ya kuwachunguza wenyeji. Kuanzia 1975 Swantz na wenzake wakawa na mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo magharibi, na wizara waliyoshirikiana nayo ndiyo iliyokuwa na dhamana ya utamaduni na vijana, yaani hata hilo neno vijana lilikuwepo. Na ile kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973, watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza na kusoma, viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa. Redio ndiyo ilikuwa teknolojia ya wakati ule, na somo lilikuwa kusikiliza pamoja, kusoma kijitabu pamoja, halafu kuamua pamoja choo kichimbwe wapi. Kwa hiyo wewe ukienda Pangani na simu zako unaendeleza kazi ya kwetu. Liandike hilo kwenye andiko, aya moja inatosha, ila liwepo.

Tuje kwenye swali lako lenyewe. Umeandika "simu zinawasaidiaje kusoma na kuandika". Nani kasema zinawasaidia? Au nani kasema kusoma na kuandika ndiyo shida wanayoiona wao? Hapo ndipo jamii inapotakiwa kuingia, kwenye swali, kabla dodoso halijaandikwa hata mstari. Watafiti wengi wanaleta jamii mlangoni kuomba ruhusa na mwishoni kupiga picha, katikati hamna mtu. Roger Hart aliandika kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992 ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana, ina vidato 8, na vile vitatu vya chini kabisa alisema wala si ushiriki: kuwatumia, kuwafanya pambo, na kuwaweka ili waonekane wapo. Mkutano wa utambulisho na mjadala mmoja wa kikundi, mdogo wangu, samahani, uko hapohapo chini. Sikwambii upande mpaka juu kabisa, kwa miezi sita huwezi na usiwadanganye watu kwamba unaweza. Panda mpaka pale ambapo wazo kalileta mtafiti ila maamuzi mnafanya pamoja. Hicho ni kidato cha sita na ni kazi ya heshima kabisa.

Mfano ulio karibu na unakokwenda, na lazima uusome vizuri. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano la Global Learning XPRIZE, zawadi dola milioni 15, watu watengeneze programu ambayo mtoto atajifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Majaribio yakafanyika mkoa wa Tanga, mwishoni mwa 2017 hadi 2019, watoto karibu 2,700 kwenye vijiji kama 170, kila mtoto na kishikwambi chake, Kiswahili ndani yake, miezi 15. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu walishiriki. Wengi wa watoto hao, asilimia 74, ilielezwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 mwanzoni walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi ile idadi hiyo ikapungua nusu. Washindi wakatangazwa Mei 2019, Kitkit School na onebillion wakagawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na kati ya watano waliofika fainali kulikuwa na RoboTutor ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, kwa hiyo ni utafiti wa chuo pia. Programu zote tano zikaachwa wazi mtu yeyote atumie bure.

Mimi nayaheshimu matokeo yale, mtoto aliyekuwa hajui neno sasa anasoma, hilo si dogo. Lakini angalia jamii ilikaa wapi. Kinamama wa vijijini walipewa kazi ya kusimamia vituo vya kuchajia vya umeme wa jua, vishikwambi vichajiwe na virudi salama. Kazi muhimu mno, bila chaji hakuna utafiti, ila swali lilikuwa limeshaandikwa mbali, na kipimo cha kusema mtoto kafaulu kilikuwa kimeshaandikwa pia. Huwa najiuliza, wale kinamama waliokaa na watoto miezi 15 wanawaona asubuhi na jioni, wangeulizwa mapema wangetaka kujua nini? Labda kwa nini mtoto fulani anakirudisha kishikwambi baada ya dakika kumi na mwenzake mpaka anyang'anywe. Labda nani nyumbani anakichukua usiku, na kufanya nini nacho. Hayo maswali yangezaa maarifa mengine kabisa kuhusu teknolojia na kusoma. Wewe ukifika wilayani ulizia, kama kijiji chako kilikuwa kwenye majaribio yale basi baadhi ya watoto wale leo ndio vijana unaowatafuta. Hesabu mwenyewe miaka yao.

Mfano wa pili ni Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, ulioanza 2009 hapa Afrika Mashariki kwa kuiga ASER, upimaji kama huo wa kule India. Wao walichukua watu wa kujitolea wa maeneo yenyewe, wanapita nyumba kwa nyumba wanawapima watoto kusoma hadithi fupi ya darasa la pili, na kitu ninachokipenda mimi ni kwamba mzazi anaambiwa palepale mlangoni, mtoto wako anasoma maneno lakini hadithi bado. Duru ya kwanza Tanzania, 2010, watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili walikuwa takribani watatu katika kumi. Nchi nzima ilishtuka, mabungeni, redioni. Jibu halikusubiri kitabu kichapwe miaka mitatu baadaye, mama alilipata akiwa bado ana unga mikononi. Chukua hilo.

Haya, kwa miezi sita unafanyaje. Mwezi wa kwanza nenda bila dodoso. Najua utaogopa, kamati inataka dodoso liambatanishwe, basi waambie chombo cha awali ni mwongozo wa mazungumzo na dodoso litatokana na mazungumzo, kamati nyingi zinaelewa ukieleza vizuri na ukiahidi kurudisha dodoso lipitiwe kabla halijatumika. Barua zako zipite njia yake, kibali, mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na usiruke wazee wa mji hata kama hawana muhuri. Hapo sikai sana, chuo chenu kitakuelekeza.

Nitakaa kwenye kutafuta vijana, manake hapo ndipo wengi wanaharibu. Ukimwambia mtendaji akuitie vijana atakuitia wale anaowajua, walioshika kadi, wanaojua kuongea mikutanoni, na pengine binti mmoja ambaye ni mpwa wake. Usimlaumu, umemuomba akuitie naye kaita. Wewe unamtaka yule aliyeacha shule darasa la tano na anaona aibu. Huyo hayuko kwenye ukumbi wa shule, na ukimwita shuleni hatokei, shule ndiyo mahali alipochapwa na kuchekwa. Kaa kijiweni, kaa pwani boti zinaporudi, kaa kwa fundi simu, yule fundi anajua nani ana simu gani na nani anamletea akamsomee meseji. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, kwa hiyo wanaenda usiku wa giza, siku za mbalamwezi wengi wanapumzika, basi angalia mwezi kabla hujapanga kikao. Ijumaa mchana acha. Mabinti jioni wana kazi za ndani, wengi utawapata baada ya alasiri kidogo au asubuhi baada ya kuteka maji, na mwanzoni kaa nao peke yao pamoja na mama mtu mzima wanayemwamini, kwa sababu mbele ya kaka zao swali la "simu unatumia ya nani" halijibiwi kwa ukweli. Binti anayetumia simu ya kaka yake usiku ili asionekane, huyo ndiye utafiti wako wote.

Kutoka humo chagueni vijana kama sita au wanane wawe watafiti wenzako. Nimesema chagueni, wao pia wapendekezane. Wasiwe wote wanaojua kusoma vizuri. Utashangaa nikikwambia hivi lakini ndivyo, unachunguza usomaji halafu unawatoa wasiosoma kwenye timu, utachunguza nini? Kuna kurekodi sauti, kila simu janja inarekodi, anayeandika kwa shida anasema maelezo yake kwa sauti. Wafundishe siku tatu nne: kumuomba mtu ridhaa, kuuliza bila kumwekea mtu jibu mdomoni, kunyamaza, kutunza siri. Kunyamaza ndiyo ngumu kuliko yote na vijana wanaiweza haraka kuliko sisi tuliosoma.

Zoezi la kwanza ninalolipenda: kila mmoja siku moja kutoka anaamka mpaka analala akusanye kila kitu chenye maandishi alichokiona au alichokitumia. Kimoja kimoja. Timu moja niliyofanya nayo kazi walileta methali za kanga za mama zao, majina ya majahazi, bango la dawa, karatasi ya kufungia maandazi yenye hesabu za mtoto wa shule, juzuu yenye herufi za Kiarabu, daftari la kikoba, meseji ya muamala, jumbe za sauti za grupu, ratiba ya mechi za kubeti. Tukavitandaza mkekani tukaanza kuvipanga makundi. Mimi ile ratiba ya kubeti nikaiweka kwenye burudani, kijana mmoja akaitoa akaihamishia kwenye hesabu, akasema Dokta hapa nagawanya, nazidisha, najumlisha, shule nilishindwa desimali hapa naijua. Akaeleza odi zinavyozidishana mpaka tukanyamaza. Mimi kubeti sikupendi na nilimwambia, kumemtia hasara mara nyingi na yeye anajua. Lakini bila yeye kuhamisha ile karatasi mimi nisingeiona ile desimali. Halafu kuna jambo la ile juzuu. Kijana aliyesema "mimi sijui kusoma" alikuwa amehitimu madrasa na anasoma herufi za Kiarabu vizuri sana. Pwani yetu watu wameandika Kiswahili kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Dodoso langu la kwanza lingemhesabu hajui kusoma.

Hapo ndipo swali lako litabadilika, na uliache libadilike. Unaweza kukuta wao wanataka kujua kwa nini walaghai wa meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanawapata zaidi wazee wao. Hilo ni swali la kusoma na ni la teknolojia, na ni la Pangani.

Pesa. Sitaizunguka. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya mwenye pikipiki ya kupeleka kila jioni, ukimkalisha siku nzima kwenye semina yako kwa soda na biskuti umemchukulia pesa yake. Mtafiti mwenzako alipwe siku yake kwa kiwango kinacholingana na anachokosa kazini, pamoja na nauli, chakula na bando, na kiwango mkitaje hadharani mbele ya wote ili kusiwe na maneno. Anayehojiwa tu mpe kitu kidogo cha asante, sawa kwa kila mmoja, hata akikataa kujibu nusu ya maswali, ili ijulikane unalipia muda wake na si jibu lake. Ukisema bajeti haitoshi basi punguza idadi ya watu, usipunguze malipo. Vijana sita waliolipwa vizuri watakupa zaidi ya mahojiano 80 ya haraka haraka. Kata kwanza mambo ya tisheti na bango.

Kwenye data nakuomba uwe mkali. Chini ya miaka 18 kisheria ni mtoto, kwa hiyo wa 15 mpaka 17 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na ya kijana mwenyewe, na ya kijana iwe na nguvu, akisema sitaki hata kama baba kakubali basi hamna. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, isome kwa Kiswahili na uwaeleze vijana wako haki zao humo, somo hilo peke yake lina faida kwao. Meseji za watu usizipige picha na majina na namba, mwenye meseji kakubali lakini aliyemtumia hakukubali. Na sauti zao ni mali. Siku hizi kila mtu anatafuta sauti za Kiswahili kwa ajili ya mashine zinazosikia na kuongea, kuna miradi mizuri, Common Voice ya Mozilla watu wanatoa sauti kwa hiari na zinabaki wazi kwa wote, kuna Masakhane, watafiti wa lugha za Kiafrika wanaofanya kazi pamoja kutoka nchi nyingi na jina lenyewe kwa Kizulu ni tujenge pamoja, wale wameonesha kwamba mtu asiye na digrii anayeijua lugha yake ni mtafiti. Vijana wa Pangani wana matamshi yao, wana Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani hiyo, wana Kizigua na Kibondei nyumbani, simu zinazosikiliza Kiswahili hazijawazoea. Wakitaka kuchangia sauti zao kwenye mradi kama huo wachangie kwa kujua, ukiwaeleza kabisa kwamba kilichowekwa wazi hakirudi. Lakini sauti ulizorekodi kwa ajili ya shahada yako usizipeleke huko kimyakimya. Zibaki kwa kazi waliyoikubali.

Uchambuzi usiufanye peke yako chumbani. Najua ndiyo kawaida, unarudi mjini na kompyuta. Chapa maneno ya watu bila majina, kila neno kwenye kipande cha karatasi, rudi kijijini siku tatu, tandaza, asiyesoma asomewe, wapange makundi na wabishane. Wanapobishana rekodi, ule ubishi ndio sura ya nne ya tasnifu yako. Wakitofautiana na wewe andika zote mbili, yao na yako, usizichanganye ukapata uji.

Majibu yarudi kabla hujakabidhi chuoni. Yarudi kwa mdomo, kwenye mkutano wa kitongoji, na vijana wenyewe ndio waseme, wewe kaa pembeni ujibu ukiulizwa. Kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida zibandikwe ofisi ya kijiji na ziachwe kwa fundi simu. Jumbe za sauti za dakika tatu tatu kwenye grupu, hizo zitafika mpaka kwa waliohamia Tanga mjini na Dar. Na ukija kuandika makala, jina la nani likae? Tasnifu ni yako kwa kanuni za chuo, ila makala inaweza kuwa na waandishi wengi, na kijana aliyeuliza swali, akahoji, akachambua ameandika, hata kama kalamu uliishika wewe. Muulize kama anataka jina lake litoke, wengine watataka kwa fahari kabisa, wengine wataogopa, na ambaye kajitaja asije akawafichua aliowahoji. Hili lijadiliwe mwanzoni, mwishoni kunakuwa na uchungu.

Umeniandikia kwamba pesa yenyewe ndogo na miezi ni sita, nimeona, ndiyo maana sijakuambia ujenge programu wala ununue vishikwambi. Watumie simu walizonazo, na wasio nazo ujue wanasoma ya nani.

La mwisho hukuliuliza, ila litatokea. Ile wiki ya kwanza, unaweza kukaa nao kijiweni, ukaeleza vizuri, wakakwambia dada au kaka tumekusikia, lakini sisi shida yetu si kusoma, mambo ya simu na kusoma tumechoka kuulizwa, kila mwaka anakuja mtu. Usiwabembeleze na usimpigie mtendaji. Waulize nani alikuja na aliwaachia nini, uandike hayo kama walivyosema, wiki nzima kama wataka kusema. Halafu unipigie. Tutaangalia pamoja kama hapo kuna utafiti au kama unatakiwa uhamie kijiji kingine, na nitaongea na msimamizi wako mwenyewe akuongezee muda.

Kwenye andiko, pale alipoweka kalamu nyekundu, anza kwa kuandika hivi: mwezi wa kwanza ni wa kuuliza swali pamoja na vijana, na vijana wana haki ya kulikataa. Halafu nitumie nilisome.